Yowe la Ng'ombe Ambao Hawakuibiwa

Kasoli, Jumapili alasiri

Mwanangu Limi,

Anayekuandikia barua hii ni mtu ambaye, kama asingezaliwa, mkoa mzima wa Simiyu leo ungekuwa unafuga kuku tu. Silisemi mimi, wanalisema ng'ombe wenyewe. Kutoka hapa Kasoli mpaka Mkula, ukimwona ng'ombe amelala anacheua bila wasiwasi, ujue amesikia kwamba Masanja yupo. Kiongozi mmoja mkubwa, sitamtaja, aliwahi kusimamisha gari lake la bendera pale njia panda, akashusha kioo, akaniuliza mimi mvua itanyesha lini. Nikamwambia Alhamisi. Ikanyesha Jumatano, kwa heshima.

Mtu wa namna hiyo ndiye wewe na mama yako, dada yangu, mliyemficha jambo kwa mwaka mzima na miezi miwili.

Nimeanza vibaya. Nilikuwa nimepanga kuanza na pongezi, kwa sababu kesho unakwenda Mwanza kusomea uuguzi, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo chochote, isipokuwa mimi nilipopita mbele ya kile cha ualimu nikifuata nyayo za ndama. Hongera, ng'wana wane, mwanangu. Hongera ya kweli. Lakini kesho hiyohiyo, kwenye basi hilohilo, mama yako naye anakwenda kuanza mionzi, na kwenye kiti cha tatu, kile nilichodhani ni changu, atakaa Mama Kulwa, yule muuza karanga. Koti langu nilikuwa nimekwisha kulipiga pasi. Sasa linaning'inia kwenye msumari, limenyooka kama la bwana harusi aliyekataliwa.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango wa bweni, ya kutotembea na simu mkononi stendi, sitayaandika. Hayo mama yako ameyasema mwezi mzima mpaka na mimi nimeyakariri. Nakuandikia mengine. Na nayaandika badala ya kuyasema kwa sababu siku hizi kila nikifungua mdomo ninyi wawili mnatazamana.

Nianze na siku ya hema.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wa wanawake, na mimi nilikuwa juu ya kiti, kwa hiyo hatukuona kitu kimoja. Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba. Watu wa afya walikuja na gari, wakafunga hema jeupe pembeni ya zahanati, wakaweka meza na pazia. Walikuwa wametangaza wiki nzima: akina mama waje wapimwe kansa ya shingo ya kizazi na ya matiti, bure. Mpaka saa nne asubuhi aliyekuwa amefika ni bibi mmoja aliyedhani wanagawa miwani. Nesi Agripina, yule mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa anajipepea kwa faili.

Nilipita pale kwa bahati tu, filimbi ya sungusungu shingoni, maana wakati ule nilikuwa kamanda wa ulinzi wa kijiji kizima.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. "Mbona mmekaa kama mnauza samaki wa juzi?"

"Watu hawaji, kamanda. Wako mashambani."

"Watu wa wapi hawaji? Hawa wa kwangu?"

"Hawahawa."

"Nipe dakika kumi. Andaa vifaa vyako."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na sitamsingizia shetani, alikuwa na shughuli zake. Nilipanda juu ya kichuguu, nikapuliza filimbi, kisha nikapiga mwano.

Huko chuoni utakutana na wenzako wasioujua mwano. Utawaeleza kwamba ni yowe la ng'ombe wameibiwa. Likipigwa kwenye boma moja linadakwa na boma la pili, la pili linalirushia la tatu, na kila mtu mzima mwenye miguu anatoka anakimbia na alichonacho mkononi. Asiyetoka, nzengo nzima, yaani kijiji kizima kwa umoja wake, inamtenga. Hasalimiwi, haazimwi jembe, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. Ndiyo maana mwano haupigwi kwa mchezo. Tangu babu zetu haukuwahi kupigwa kwa ajili ya kitu kisicho na kwato au moto. Mimi niliupiga kwa ajili ya nesi aliyekosa wateja.

Na walikuja, Limi! Wanaume na marungu, mmoja na upinde wa baba yake, wanawake pamba bado imejaa kwenye vitenge. Mzee Shija alifika ana povu la sabuni nusu ya uso na wembe mkononi, ndiyo silaha. Vumbi lilipanda mpaka nasikia watu wa Maswa walitoa nguo kwenye kamba.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangapi?"

"Wamepitia wapi, kamanda? Korongoni au barabarani?"

Nikapanda juu ya kiti cha nesi. "Mwizi hajapita," nikasema. "Mwizi yumo matumboni mwa wake zenu!"

Mzee Shija akasema, "Masanja, umelewa asubuhi hii?"

"Sijalewa. Kansa ni mwizi. Anaingia kimyakimya, hachukui ng'ombe, anachukua mama wa watu. Leo tunamkamata. Wanaume, rudini mashambani. Mwanamke yeyote aliyefikisha miaka thelathini haondoki hapa mpaka apite nyuma ya pazia lile. Daftari ninalo."

Wengine walicheka, wengine walinitukana matusi ambayo hutayasikia hata Mwanza, lakini wakapanga mstari. Mimi husema walipimwa mia mbili. Wewe uliwahi kunisahihisha mbele ya wageni ukasema hawakufika sitini. Tuache hapo.

Nesi alitoka, akanivuta suruali. "Shuka, kamanda. Mtu anapimwa akikubali mwenyewe. Na majibu ya mtu ni yake."

"Wamekubali, mayu. Huuoni mstari?"

"Mstari nauona. Kukubali ndiko nakutafuta."

Nilifikiri ni maneno ya kitabuni. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyuma ya pazia alimwambia kila mmoja anaweza kutoka bila kupimwa na hakuna atakayemuuliza. Wapo waliotoka hivyo. Mimi nikawaandika daftarini na alama ya vema.

Kosa la pili ndilo zito. Mama Kulwa alitoka akiwa na karatasi mkononi na macho mekundu. Wakati ule hakuwa mtu wetu, alikuwa mjane tu anayeuza karanga karibu na josho. Na mimi, juu ya kiti, mkono kiunoni, nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Haya! Wa kwanza ameshikwa!"

Ameshikwa. Neno tunalosema mwizi wa ng'ombe akifungwa kamba. Mstari mzima ukageuka kumtazama. Akashusha kitenge usoni, akaenda kukaa peke yake kwenye uzio. Wewe unajua nzengo inavyomfanya mtu aliyeshikwa. Kabla ya wiki kwisha, kisimani alikuwa anaachiwa nafasi pana kama ng'ombe mwenye pembe mbaya. Wanawake walisubiri achote aondoke ndipo wasogee. Watoto walikatazwa kula karanga zake. Nesi alikuwa amesema wazi kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe wala kwa karanga, lakini nesi ana sauti ya chini, na mimi nilijaliwa kifua.

Aliyefuata mstarini alikuwa dada yangu.

Kuhusu mama yako na mimi kuna jambo hujawahi kuambiwa vizuri. Baba yetu alikuwa na nafasi ya kusomesha mtoto mmoja. Minza ndiye mkubwa, na ndiye alikuwa na akili. Alihesabu ng'ombe wakitembea, mimi nilishindwa hata wakiwa wamelala. Akasema mwenyewe, "Aende Masanja, mimi nitabaki na mama." Akabaki. Mimi nikaenda, nikafika darasa la tano, na la sita nikalisikilizia dirishani kwa sababu nilikuwa nimeonja raha ya kuwinda sungura. Kwa hiyo alibaki bila kusoma ili mimi nisisome. Nikikuambia hivi nataka ujue kwa nini karatasi ya nesi alikupa wewe. Dada yangu hawezi kusoma barua yake mwenyewe, na sababu yake ni mimi.

Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu. Alipotoka alikuwa anafunga fundo kwenye pindo la kitenge. Nikamwita kutoka juu ya kiti, watu wote wanasikia: "Dada! Vipi?"

Akanitazama. Akamtazama Mama Kulwa pale kwenye uzio. Halafu akacheka, Limi, ule mcheko wake wa kuonyesha pengo.

"Niko safi, Masanja. Safi kama bakuli la harusi."

Nikapuliza filimbi kwa furaha. "Mmemsikia! Dada wa kamanda yuko safi! Nani mwingine?" Watu wakapiga makofi, na yeye akapiga nao. Nikikumbuka mikono yake inavyopiga makofi yale, nashindwa kula.

Mwaka mzima nilimtembeza mdomoni. Kwenye kituo cha kupimia pamba, kwenye misiba, kwa watu waliokuja kununua mbuzi. "Mtazameni dada yangu Minza. Alipimwa mara moja, basi, amemaliza, anadunda." Mara nyingine alikuwa amekaa palepale anachambua mchicha. Na wewe unanimiminia uji. Siku moja uliumwaga mezani nikiwa katikati ya maneno hayo, nikakukemea kwamba msichana wa kidato cha sita hajui kushika jagi. Ulisema, "Samahani, mjomba." Ulikuwa unajua! Ulikuwa umeisoma barua ya rufaa siku ileile ya hema, nyuma ya ghala, ukamsomea mama yako kwamba kuna kitu kimeonekana na afike hospitali ya Bariadi bila kuchelewa. Ukaikunja, ukamrudishia. Kisha ukaja kunimiminia uji.

Niliyajua yote haya wiki tatu zilizopita, na unajua nilivyoyajua. Watu wa afya walikuwa wanarudi. Filimbi sina tena. Wazee wa sungusungu walininyang'anya na kunitoza mbuzi kwa sababu ya mwano ule, ingawa kwa wageni nasema nimestaafu. Hata hivyo nilijitolea kuhamasisha. Nikaja kwenu asubuhi kumchukua dada yangu, atangulie mbele ya watu kama mfano. Nikamkuta Mama Kulwa uani kwenu anakamua nguo, na maji ya beseni mekundu.

"Mama Kulwa, unafanya nini kwa dada yangu?"

"Nafua, kamanda."

"Damu ya nini hiyo?"

Akakutazama wewe. Wewe ukatazama chini. Sauti ya mama yako ikatoka ndani: "Mwambieni. Nimechoka kuwa safi."

Mkaniambia mkipokezana kama watu wanaoshusha mzigo mzito kwenye gari. Mizizi aliyokuwa anakunywa. Damu iliyoanza wakati wa palizi. Mama Kulwa aliyemwona kisimani anashuka na ndoo kwa kushika kiuno, akamuuliza swali moja tu, "Na wewe walikupa karatasi?" Safari za bodaboda kwenda Bariadi, wakati mimi naambiwa wameenda kutafuta mbegu. Vipimo, kisha barua ya Mwanza. Ugonjwa umesogea. Daktari amesema bado unatibika, ila hakuna aliyeapa.

"Mlikuwa mnajua wote watatu?" nikauliza.

Mama yako akatoka akashika mwimo wa mlango. "Ungejua wewe, wangejua na mbuzi."

"Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja, Minza!"

"Ndiyo maana nilikudanganya vizuri. Mtu baki ningemdanganya ovyo."

Mama Kulwa alicheka, akaziba mdomo kwa nguo mbichi. Mimi niliondoka. Nilikaa zizini siku nzima. Ng'ombe walikwenda malishoni wakarudi wakanikuta palepale. Unajua nilichokuwa nawaza? Sikuwa namwaza dada yangu, Mungu anisamehe. Nilikuwa najiwaza mimi, nilivyosimama mwaka mzima natangaza kitu ambacho watu wa nyumbani kwangu walikuwa wanajua ni uongo. Hasira hiyo haijaisha, usidhani. Ninapoandika hapa kalamu inatoboa karatasi.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mama Kulwa. Sikwenda kuomba radhi, nilikwenda kumuuliza kwa haki gani anajua mambo ya nyumba yangu kabla yangu. Nilimkuta anabangua karanga. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yakapotea.

"Nimekuja kuhusu lile neno," nikasema.

"Lipi? Wewe ulisema mengi."

"La ameshikwa."

Akaendelea kubangua. "Siku ile nesi aliniambia kimeonekana kitu kidogo, cha mwanzo kabisa, kinaondolewa siku moja unarudi nyumbani unapika. Nilikuwa nalia, ndiyo. Hofu na furaha vilikuja pamoja. Nilikuwa nimepanga nikitoka niwaambie wenzangu mstarini, ingieni, hakuumi, na wakikuta kitu wanakiwahi." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Ukanitangulia."

Nikainama kumwokotea karanga zilizodondoka.

"Nilikwenda Bariadi peke yangu," akasema. "Wakanitibu. Nimerudi kupimwa tena kama walivyoniagiza, wameona nimepona. Hakuna aliyenipigia filimbi. Chukua karanga, kamanda, umepauka."

Nikachukua. Sikumbuki ladha yake. Nilitembea kurudi nikijaribu kuhesabu wangapi wangemsikiliza. Kama mjane yule angesema maneno yake yale ya kawaida, kwa sauti yake, dada yangu aliyekuwa nyuma yake angeyasikia. Angetoka na karatasi mkononi badala ya kuifunga kwenye kitenge. Wangekwenda Bariadi wawili, juu ya bodaboda moja, ugonjwa ukiwa bado kitu cha siku moja. Mimi ndiye niliyesimama katikati yao, juu ya kiti.

Kwa hiyo, mwanangu, mnalonidai ninyi na ninalowadai mimi sijui lipi kubwa. Mlinisaliti, hilo sitalifuta. Lakini mlinisaliti kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwaonyesha kitu ninachomfanyia mtu anayeniamini. Nimeligeuza sana neno hili nitafute upande unaonipendeza, sijaupata.

Wewe nina lako moja, na nakuambia kwa sababu unakwenda kuwa nesi. Sikulaumu kwa kutoniambia. Ulikuwa na miaka kumi na minane, ukapewa siri ya mtu mzima uibebe, na uliibeba bila kumwaga isipokuwa ule uji. Lakini ulimsomea mama yako neno "bila kuchelewa", ukakunja karatasi, na baada ya hapo mkakaa nayo wote wawili miezi na miezi. Mama Kulwa naye alitunza siri ileile. Hakuniambia mimi, hakumwambia mtu. Ila yeye alikodi bodaboda. Naomba ulitazame hilo vizuri. Unaweza kumfunikia mtu jambo lake na bado ukamshika mkono ukampeleka. Mimi nilipeleka watu bila kuwafunika. Wewe ulifunika bila kupeleka. Mwanamke asiyejua hata jina langu la pili alifanya yote mawili kwa siku moja, na karanga zake hazikuungua.

Kuna na lile la kusema "mara moja, basi, amemaliza". Hilo nililisema sana mpaka limeota mizizi kijijini. Wanawake waliokutwa safi mwaka ule sasa wakiitwa tena wanajibu, "Masanja alisema ukipimwa umemaliza." Mimi! Mfugaji! Ng'ombe wangu nawapeleka josho wiki kwa wiki, na mtu akiniambia, "Huyu aliogeshwa mwaka juzi, kupe hawamwezi," ningemcheka mpaka nianguke. Lakini mwili wa dada yangu niliufanya wa kuogeshwa mara moja. Siku hizi napita nyumba kwa nyumba kulirekebisha. Sipandi kiti. Nakaa kwenye kigoda, naongea na mwenye nyumba peke yake, namwambia nilikosea, kuna muda wa kurudi na nesi ndiye anayeujua, hata kama hujisikii kuumwa, na hasa kama hujisikii kuumwa. Ni kazi ya kuchosha. Juzi mwanamke mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Leo filimbi umeiacha wapi?" Mwingine alifunga mlango nikiwa bado nasema. Watatu wamesema watakwenda. Ningependa kukuandikia thelathini, lakini utakuwa mtu wa hospitali, nimeona nianze kukuzoeza hesabu za kweli.

Na wewe, ukifikisha umri, nenda ukapimwe, tena bila kungoja kuitwa. Mama yako alikubali uchanjwe ile chanjo ya shuleni ya kukinga kansa hiyo wakati mimi nilikuwa nazunguka nikisema itakufunga uzazi. Nililitoa kwa mtu aliyelitoa kwa mtu. Usiniulize zaidi. Chanjo hiyo haikuondolei kupimwa, Nesi Agripina ameniambia, na sasa hivi nikiambiwa kitu na mwanamke huyo nakiandika.

Siku utakapokuwa umesimama wewe nyuma ya pazia, mwanamke akaingia anatetemeka, mfungie pazia mpaka mwisho. Usimwite kwa sauti. Ukikuta nje kuna mwanaume juu ya kiti, mshushe, hata kama ana filimbi, hata kama ni mjomba wako. Nesi alinivuta suruali mara moja, akaniacha. Laiti angevuta mpaka nianguke.

Mama yako mtunze. Najua utamtunza. Jana nilikuja kumuaga, akaniambia, "Wewe baki na ng'ombe." Nikamwambia ng'ombe wana mtu wa kuwaangalia. Akasema, "Basi baki na hao wanawake wa kigoda. Waliobaki huku ni wengi kuliko mimi." Halafu akaniuliza kama nimekula. Ndivyo alivyo. Sikujua kama nimesamehewa au nimefukuzwa, na yeye hakusema. Kitandani pake niliona ameikunja ile barua ya rufaa ya kwanza, imechakaa mpaka mikunjo imekuwa mashimo. Amebeba mwaka mzima karatasi asiyoweza kuisoma. Nilitaka kuomba niisome kwa sauti. Nikanyamaza. Nadhani ni mara yangu ya kwanza.

Jambo la mwisho, na hili ukilipeleka kwa mama yako nitakana mbele ya kanisa zima.

Alhamisi nilikwenda Bariadi. Nyumbani niliaga kwamba nafuata dawa ya minyoo ya ndama. Nilikwenda kupimwa tezi dume, kwa sababu nimefikisha umri wanaoutaja na kwa sababu siwezi kuendelea kukaa kwenye vigoda vya watu nikiwaambia habari ya kwenda wakati mimi sijawahi kwenda popote. Wanaume tulikuwa kwenye benchi, kila mmoja anatazama viatu vyake. Msichana wa mapokezi, umri wako kabisa, akaniuliza jina kwa sauti ya upole. Limi, mimi niliyewaandika akina mama wa kijiji kizima kwenye daftari, nilisikia mdomo wangu unasema, "Petro Masunga." Wa wapi? "Shishiyu."

Wakachukua damu, basi, yale mengine wanayotishana nayo wanaume kilabuni, siku ile hayakuwepo. Kabla ya hapo waliita "Petro Masunga!" mara tatu, na mimi nikakaa tu nikimtafuta huyo mtu kwa macho, hata nikamwambia jirani yangu kwamba Petro huyu lazima ni kiziwi. Majibu ni Ijumaa. Ukifika chuoni, kabla ya somo lolote, naomba umuulize mwalimu wako, bila kutaja nani, kama mtu anaweza kwenda kuchukua majibu ya Petro Masunga akiwa na kitambulisho cha Masanja.

Mjomba wako